Bunduki Huoshwa kwa Nyuma

Kwa miaka mingi nilitaka kitu kimoja tu kutoka kwa fundi wa bunduki: achungulie ndani ya mtutu niliousafisha mimi, agonge kitako cha bunduki mara mbili kwa vidole, aseme, "Inatosha." Basi. Neno hilo hakukinyima kitu kingine chochote. Alilisema juu ya kazi yake mwenyewe, juu ya chumvi ya mboga, hata juu ya mahubiri ya padri yakiwa bado katikati. Juu ya kazi yangu, hapana. Na kuna jambo moja nililomficha karibu muda wote huo. Nitayaeleza yote mawili, lakini nikianza na lile nililoficha mtanichukia mimi kabla hamjampenda yeye.

Alinijia kwa ajili ya vitambaa. Nilikuwa nina miaka ishirini, nina mashine moja ya kushonea kwenye baraza ya nyumba yetu mjini Kolwezi, nashona magauni na abakosi, lile koti lisilo na tai ambalo siku zile kila mwanamume wa Zaire alitaka awe nalo. Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwa kufumua nguo kuukuu na kuzirudishia uzi wake, na tabia ya kufumua haikunitoka. Mkunjo uliokosea kwa unene wa uzi mmoja ulinikosesha usingizi. Wateja walinisifu kwa mishono na kunilaani kwa kuchelewa.

"Yambo, mama ya mashini," alisema siku hiyo, akiwa ameshikilia baiskeli iliyopauka kwa kutu. "Mi natafuta bitambala. Bidogo-bidogo, bile unatupaka."

"Bya nini, tata?" nikamuuliza; tata kwetu ni baba.

"Bya kupanguza koo ya bunduki."

Nilimpa mfuko mzima wa mabaki. Hakuuchukua. Alikaa chini, akatoa kipande kimoja kimoja, akakisugua shavuni kama mtu anayechagua nguo ya mtoto mchanga. Vya nailoni alivirudisha.

"Hii inapita tu sawa mugeni, haibebe uchafu. Pamba njo inabeba. Na pamba ya kuzeeka inapita ile ya mupya, juu ilishaka kufuliwa, haina kiburi."

Kesho yake nikampelekea vipande hamsini vya pamba, vyote vya mraba, vyote sawa, nimevipima kwa rula. Nilingoja asifu. Alivitazama, akanirudishia thelathini.

"Kila bunduki iko na koo yake," alisema. "Kitambala kinapaswa kupita na kulalamika kiloko tu, si sana. Kikipita kimya, ni kidogo. Kikikataa, ni kikubwa, na utaanza kusukuma sawa mutu anasukuma motokari ku matope. Njo pale inaharibika."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kwenda kwake. Mwanzo nilipeleka vitambaa na chupa ndogo ya mafuta ya mashine, kwa sababu mafuta ya mashine ya kushonea ni mepesi na hayagandi. Baadaye nilikaa nikitazama. Baadaye zaidi nikaanza kushika.

Karakana yake ilikuwa nyuma ya nyumba, upande wa Kasulo, ambako wakati ule kati ya nyumba na nyumba palikuwa bado na nafasi ya mahindi. Sijawahi kuona mahali pachafu namna ile. Misumari, magurudumu, redio isiyo na tumbo, kuku ametagia ndani ya kofia ya chuma ya mgodini. Abakosi yake ilikuwa na vifungo viwili kati ya sita, na nilipojitolea kumshonea vinne alisema viwili vinamfunga vizuri. Baiskeli hakuitia mafuta hata siku moja. Mnyororo wake ulilia hivi kwamba mkewe alijua kuweka maji ya bukari, ugali wetu, jikoni mume akiwa bado kwenye kona ya barabara. Lakini katikati ya vurugu hiyo ilikuwapo meza moja, upana wake mikono miwili, na juu ya meza hiyo hukuweza kupata chembe ya vumbi. Kolwezi! Mji ambao vumbi jekundu huingia hata ndani ya yai. Kila asubuhi aliifuta meza hiyo kwa kitambaa chenye maji, kisha kikavu, kisha kwa kiganja.

"Muchanga njo adui," alisema. "Baruti ni muchafu tu. Kutu ni ugonjwa. Muchanga ni adui."

Wawindaji walimletea bunduki kutoka Lubudi, kutoka Sandoa, kutoka vijiji vya barabarani. Kabla ya kuigusa bunduki aliomba karatasi ya serikali yenye mhuri, akaisoma yote, hata sehemu zilizochapishwa ambazo ni zilezile kwa kila mtu. Kisha aliielekeza bunduki ukutani, akaifungua, akaiuliza kwa heshima: "Kuko mutu?" Alichungulia. Aliingiza kidole. Alichungulia tena. Mara tatu kila bunduki, hata ile aliyoiweka chini dakika moja iliyopita ili apige chafya. Nilicheka mara ya kwanza. Alinitazama bila hasira, akasema, "Bunduki yenye haina risasi njo inauaka batu."

Halafu ndipo kazi yenyewe ilipoanza, na hapa nitasema polepole, maana ndiyo sababu ya maandishi haya.

Ndani ya mtutu wa bunduki ya risasi moja kuna mistari iliyochongwa ikizunguka, kama njia ya konokono ndani ya nyumba yake. Mistari hiyo ndiyo inayoifanya risasi izunguke na kwenda pale ulipoielekeza. Mwisho wa mistari, pale mdomoni, ndipo risasi inapoagana na bunduki. Kama mdomo una jeraha, hata dogo kama ukucha wa kuku, risasi inaagana vibaya na kwenda inakotaka. Kwa hiyo fundi alikuwa na sheria moja kubwa kuliko zote, na aliitamka kila siku kama mtu anayesali:

"Bunduki inaliaka na mulomo, lakini inaoshwaka na mukongo."

Yaani ukiweza kuifungua nyuma, ingiza fimbo ya kusafishia kwa nyuma, itokee mdomoni, siyo kinyume. Aliilaza bunduki juu ya vigogo viwili alivyovivika ngozi, mdomo ukiwa chini kidogo ya kitako, ili maji na mafuta yasitiririke kwenye mbao. Nyuma, pale risasi inapokaa, alichomeka ganda la risasi iliyokwisha kupigwa, ambalo alikuwa amelitoboa kitakoni. Fimbo ilipita katika tundu hilo, ikaenda katikati, haikugusa kuta. Alisukuma mara moja, moja kwa moja hadi mwisho. Kitambaa kilitoka mdomoni, akakiondoa, kisha akairudisha fimbo ikiwa uchi. Hakurudisha uchafu alioutoa. Na kila fimbo iliporudi aliifuta kwa kitambaa kingine kabla ya kuiingiza tena. Kila mara. Ningesema alipita kiasi, lakini mimi nafumua nguo kwa ajili ya uzi mmoja, kwa hiyo nilinyamaza.

Fimbo yake ilikuwa ya mti wa mulombwa, nyeusi kwa mafuta, nchani ina kipande cha mfupa, na katikati alama za meno ya mjukuu. Mimi sikuipenda. Mtakumbuka jambo hilo baadaye.

Bunduki zilizopigwa kwa baruti ya zamani, ile inayoacha chumvi, alizimwagia kwanza maji ya moto kwa faneli. Hapo ndipo vita vya nyumba ile vilipotokea, kwa sababu birika lilikuwa moja.

"Bunduki ya batu inaoga na maji ya moto," mkewe alisema kutoka jikoni, akitaka tusikie hadi jirani. "Mi muke ya ndoa, ya kanisa, naoga na ya baridi!"

"We hauna kutu, mama."

"Unajua nini? Ulishaka kuangalia?"

Fundi alicheka mpaka akalazimika kuweka faneli chini. Mama huyo ndiye aliyekuwa na kengele ya nyumba, kipande kifupi cha bomba la chuma kilichoning'inia kwa waya kwenye baraza. Chakula kikiwa tayari alikigonga kwa kijiko kikubwa, na sauti yake ilikuwa safi ya kushangaza. Fundi alipoisikia aliacha chochote alichokuwa nacho mkononi, isipokuwa mtutu uliolowa. Mtutu uliolowa hakuuacha hata kwa bukari.

Mambo mengine yake sikuyaelewa, na mpaka leo sijaribu kuyapatanisha. Alitengeneza bunduki na aliogopa mlio wake. Mwindaji akitaka kujaribu silaha kule nje ya mji, fundi alijaza pamba masikioni, akafumba macho, akasimama nyuma ya mti huku akiuliza, "Ilishaka kulia?" Nyama ya porini hakula. Alisema anawajua mno wanaoipata. Alipenda ndakala wakavu, wale samaki wadogo, na aliwala pamoja na vichwa. Hakumsifu mtu hata mmoja, lakini kuku wake aliwasifu kwa majina. Kwaya ya kanisa ilikuwa imemwomba kwa adabu aimbe kwa moyo tu, na yeye aliitikia ombi hilo kwa kuimba kwa moyo na kwa sauti.

Sheria ya mwisho ilihusu mafuta. Wawindaji walipenda kuimwagia bunduki mafuta mengi, hata ya mawese, wakidhani wanaipenda. Yeye alipitisha kitambaa kimoja chenye matone mawili, kisha kimoja kikavu. "Harufu, si mafuta. Usikie harufu, usione kitu." Na kwa kila aliyekuja na mtutu uliosuguliwa kwa waya na mchanga mpaka unang'aa kama sahani ya harusi, alitikisa kichwa.

"Bunduki mingi hazikufe na kupiga, tata. Zilikufa na kuoshwa."

Nilisikia maneno hayo labda mara mia. Niliyaandika kwenye daftari langu la vipimo. Sasa nisikilizeni nilivyoyatumia.

Mwindaji wa Lubudi alikuwa mteja wetu mkubwa, mtu mrefu, mwongo wa furaha, ambaye alikuja kwa treni na bunduki yake ikiwa imefungwa ndani ya blanketi kama mgonjwa. Safari hiyo hakutania sana. Binti yake alikuwa anaolewa baada ya wiki mbili, wakwe walikuwa watu wengi wenye meno, na nyama ya sherehe ingetoka kwenye bunduki hiyo au isipatikane.

"Fundi, nikikosa, nitapika nini? Blanketi?"

"Ikuje posho, utaikuta tayari," fundi alimjibu. Posho kwao ni Jumamosi.

Lakini Jumatano fundi alipata habari ya msiba Likasi, yeye na mkewe wakaondoka asubuhi. Kabla ya kupanda baiskeli kwenda stesheni aliniita mezani. Ilikuwa mara ya kwanza kuniachia bunduki peke yangu.

"Unioshee hii leo. Maji ya moto, kausha. Dawa ya shaba mara moja, kausha. Mafuta. Alafu uache. Unasikia? Uache."

Dawa ya shaba ilikuwa amoniaki, kimiminika chenye harufu ya kutoa machozi. Risasi nyingi zimevikwa shaba, na shaba hiyo hubaki kwenye mistari kidogo kidogo. Dawa huila na kuitoa, kitambaa kinatoka na rangi ya kijani cha buluu, kama jiwe la shaba likilowa mvua. Sisi wa Kolwezi rangi hiyo tunaijua kabla ya kujua kusoma.

Na mimi nilikuwa nimejiandaa kumshangaza. Sikuweza kuvumilia fimbo yake yenye alama za meno. Nilikuwa nimetengenezewa yangu, kwa malipo ya kaptula mbili, na mtu mmoja wa karakana ya mgodi. Ilikuwa ya shaba tupu, imenyooka kama uzi wa timazi, inang'aa. Nilifikiri kama mtu yeyote wa mji wetu angefikiri. Sufuria zetu za shaba, bangili zetu za shaba, waya zetu za shaba, mkoa wenyewe siku zile uliitwa Shaba. Na shaba ni laini kuliko chuma, itaukwaruzaje mtutu?

Kitambaa cha kwanza chenye dawa kilitoka buluu. Vizuri. Cha pili, buluu. Cha kumi, buluu. Kama mngenijua mngejua kwamba hapo nilikuwa nimekwisha kupotea. Nilisikia sauti ya fundi ikisema "uache", na nikaijibu kwa sauti kubwa, peke yangu, "Lakini haijatakata!" Kuku waliinua vichwa. Saa sita mchana mfuko wa vitambaa uliisha. Nilikimbia nyumbani nikakata shuka langu la kitanda. Buluu. Machozi yalinitiririka, sijui kwa dawa au kwa hofu. Nilifikiri: shaba yote imejificha karibu na mdomo, fimbo inafika pale imechoka. Basi nikafanya lile ambalo nilikuwa nimeliandika kwenye daftari kuwa halifanywi. Niligeuza bunduki. Nikaokota fimbo yangu nilikokuwa nimeiweka, chini, kwenye udongo, na bila kuifuta nikaisukuma kwa mdomoni.

Nikasikia *krr*. Mara moja tu, kama mkasi unapopita juu ya pini.

Niliitoa. Nilichungulia. Pale ukingoni mwa mdomo palikuwa na mstari mmoja mwembamba, mfupi, mpya. Shaba ni laini, ndiyo, na kwa sababu ni laini inashika mchanga na kuubeba kama meno.

Niliendelea na vitambaa, kwa nyuma sasa, kana kwamba adabu iliyochelewa ingefuta kitu. Vilitoka buluu mpaka dawa ikaisha. Jioni nilipokuwa nafuta fimbo yangu ili niifiche, kitambaa chenye masalio ya dawa kikageuka buluu mkononi mwangu. Nikaifuta tena kwa kitambaa kingine. Buluu. Bunduki ilikuwa mezani, mikono miwili mbali nami. Nikakaa chini kati ya kuku. Kutwa nzima nilikuwa naosha fimbo yangu ndani ya bunduki ya mtu.

Fundi alirudi Ijumaa. Nilikuwa nimepanga kusema. Nilikuwa nimeandaa sentensi, nimeifumua na kuishona mara nyingi. Aliweka karatasi nyeupe nyuma ya mtutu, akaelekea kwenye jua, akachungulia. Kisha alichukua pamba kidogo, akaizungusha mdomoni mwa bunduki kwa kidole. Sentensi yangu ilikwama kama kitambaa kikubwa. Hakugonga kitako. Hakusema "Inatosha." Jumamosi alimkabidhi mwindaji silaha yake na kumwambia, "Upime kwanza ku muti, mbele ya kupima ku nyama," jambo ambalo alimwambia kila mtu.

Wiki tatu zilizofuata sikushona nguo hata moja iliyonyooka. Niliwaona akilini wageni wa harusi wakitazama sahani tupu. Kisha siku moja, nikiwa karakanani, mnyororo wa baiskeli ukalia, fundi akaja, na nyuma yake mwindaji, anacheka.

"Fundi, bunduki yako inanichekesha! Nilipima ku muti, nikaona inaenda kiloko ku kushoto. Nikasema ni upepo. Nikaenda mu pori, nikapima nyama dume, kubwa, na pembe hivi. Nikapiga. Dume ikakimbia. Pembeni yake jike ikaanguka! Batu banasema we ni mwindaji wa ajabu, unaacha bwana unachukua bibi."

"Na harusi?" niliuliza. Sauti ilitoka nyembamba.

"Walikula mpaka wakwe bakalala mu majani!"

Fundi aliipokea bunduki, akaiuliza kama kuna mtu, mara tatu. "Ni macho yako," alimwambia mwindaji. "Uko unazeeka. Iache siku mbili." Kwa siku mbili hizo alichukua skrubu ya shaba nyeupe yenye kichwa cha mviringo, akaipaka unga laini wa kung'arishia, akaisimamisha mdomoni mwa bunduki na kuizungusha kwa vidole, polepole, huku na huku, akiimba vibaya.

"Unafanya nini, tata?" niliuliza.

"Nainyoa ndevu."

Ukingo wa mdomo ulitoka umelainika. Wiki iliyofuata niliiona fimbo yangu ya shaba, ambayo niliamini nimeificha nyuma ya magurudumu, imesimama bustanini na mmea wa tomate umefungwa juu yake.

"Shaba ni muzuri sana," fundi alisema, akipita na ndoo. "Kwa tomate."

Alijua? Hakujua? Niliishi na swali hilo miaka. Nilisafisha mitutu mingi chini ya macho yake, kwa fimbo ya mulombwa, na kila mara alichungulia, akanyamaza, akamkabidhi mwenyewe. Kila ukimya niliusikia kama hukumu. Sentensi yangu ilizidi kuwa nzuri na haikutoka.

Kisha macho yake yakaingia ukungu. Alipoanza kuwapigia kuku hodi, binti yake alimchukua pamoja na mkewe wakahamia kwake Lubudi. Mwaka ulipita. Msimu wa mvua uliofuata nilipanda treni kwenda kuwaona, nikiwa nimebeba abakosi mpya yenye vifungo sita. Kola yake niliifumua mara tano.

Nilimkuta kwenye baraza. Kengele ya chuma ilikuwa imehama nao, inaning'inia kwa waya uleule. Bunduki ilikuwa juu ya vigogo vyenye ngozi, na blanketi lililokunjwa kando yake nililijua kabla ya kuijua bunduki.

"Ni mama ya mashini," alisema kabla sijasalimu. "Nasikia harufu ya mafuta. Ikala chini. Mwindaji anakuja kuchukua kintu yake, na mi nimeosha na mikono tu, macho hakuna tena. Kuko mutu?"

Niliifungua, nikachungulia, nikaingiza kidole, nikachungulia tena. Mara tatu. "Hakuna mutu, tata."

"Muzuri. Angalia koo. Unaona nini?"

Niliweka karatasi, nikageukia mwanga. Mistari ilizunguka na kuondoka, pete ndani ya pete, safi. Na karibu na mdomo, ndani kidogo ya pale alipokuwa amenyoa, palikuwa na alama. Ilikuwa imefifia kama kovu la utotoni, lakini mimi ningeitambua gizani. Zile sentensi zote nzuri zilinikimbia.

"Tata, kuko kamustari. Karibu ya mulomo. Ni mi njo nilikaweka. Ile siku ya Likasi. Nilisukuma na mulomo, na fimbo ya shaba, na muchanga. Nikakuficha."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, mpaka akakohoa, mpaka akashika kigogo.

"Mama! Kuya huku! Kuya mbio! Anasema leo!"

Mkewe alitokea jikoni, kijiko mkononi. "Leo? Ah! Mi nilisema atasema siku ya ndoa yake. We ulisema siku ya mazishi yako. Tumekosa wote wawili."

"Mulijua?"

"Pamba ilikamatwa pale mulomo," fundi alisema. "Siku ile ile. Pamba haifichake kitu. Na bitambala buluu mia mbili ku jalala! Nikasema, huyu mutoto ameosha shaba na shaba."

"Na shuka," mkewe aliongeza. "Shuka muzuri ya maua. Mi nililia juu ya shuka."

Nilitaka kukasirika na sikuweza. "Juu ya nini haukuniambia, tata?"

"Nilikujua. Unafumuaka nguo muzima juu ya uzi moja. Ningesema 'uliharibu', ungejifumua wewe mwenyewe, ungeacha kazi." Alielekeza kidevu kwenye kengele. "Unaona ile?"

"Kengele ya mama."

"Chungulia."

Nilisimama, nikaishika, nikachungulia. Haikuwa bomba. Ilikuwa mtutu uliokatwa, na ndani mistari ilikuwa imesagwa, imekwaruzwa, imetoboka, kama barabara ya Kolwezi baada ya mvua.

"Ile njo ya kwanza yangu," alisema. "Niliosha na muchanga na waya ya mugodi, siku tatu, juu nilitaka ing'ae. Iling'aa! Mwenyewe alinifukuza na fimbo. Kila siku mama anagonga, mi nasikia, nakula na adabu."

Mkewe alirudi jikoni akicheka peke yake. Nilikaa tena mbele ya bunduki.

"Na 'inatosha', tata? Haukunisemeaka hata siku moja."

"Ningesema, ungeamini?" aliuliza. "Ungebeba bunduki nyumbani, uoshe tena. Ile neno si ya mi kukupa. Basi sema wewe, mi sione. Mwindaji iko njiani. Inatosha?"

Nilichungulia tena. Pete ndani ya pete. Kovu langu. Na kule nyuma, labda, kivuli kidogo, au pengine ilikuwa kope yangu. Kitambaa kimoja tu. Mkono wangu ulikuwa umekwisha kuingia mfukoni na kukikamata.

"Nasikia mukono mu mufuko," fundi alisema.

Ndani, kijiko kiligonga sufuria. Niliinua mkono mwingine, nikagonga kitako cha bunduki mara mbili kwa vidole.

"Inatosha, tata."

Mkewe alitoka, akaugonga ule mtutu ulioharibika, ukalia safi barazani kote, na fundi akasimama, akaninyooshea mkono nimwongoze. Kitambaa kilibaki mfukoni kikiwa kikavu, na bukari tuliikuta ya moto.